Kwa mzee wa demode, Ilala: peleka nguo za zamani, ila mjukuu wake asikuuzie mpya

Kama kwenu kuna lile sanduku la bati chini ya kitanda limejaa nguo za mzee, hamna anayezivaa na hamna mwenye roho ya kuzigawa, hii inakuhusu. Na kama we ni wale mkialikwa shughuli yenye tema ya zilipendwa mnakimbilia Kariakoo kununua shati la maua mnaona mshamaliza, inakuhusu zaidi.

Kibanda kipo Ilala upande wa Karume, sio ndani ya soko lenyewe, ni vichochoro vya nyuma ukiwa unatokea barabara ya Uhuru. Jina hakina. Kuna kibao cha mbao kimeandikwa kwa brashi TUNAPUNGUZA TUNAONGEZA TUNAGEUZA basi, ila ukiuliza watu wa pale "kwa mzee wa demode wapi" wanakuonyesha kwa kidevu bila hata kuacha wanachofanya. Mzee kakulia Lubumbashi, akaja Kigoma, ndo akaishia Dar enzi zile bendi za Wazaire zimejaa mjini, na Kiswahili chake mpaka leo kina Kifaransa kimebaki humo. Ndani kuna mabomba matatu ya kutundikia. La kwanza nguo za wateja, la pili mitumba ya kawaida ya sa hivi, la tatu ndo lenyewe, demode, kila kitu ambacho mtaa ulishakikataa: pekosi (zile suruali za mdomo mpana chini), makoti ya Kaunda, magauni ya mabega mapana, mashati ya kola ndefu zile ncha zinafika kifuani.

Sasa sisi kwetu shangazi alikuwa na sherehe ya kumbukumbu ya ndoa, kamati ikakaa, ikaamua kila mtu avae kama walivyovaa watu kwenye picha ya harusi yao. Unajua kamati za Dar zikishaamua kitu. Kaka yangu akapewa suti ya Kaunda ya marehemu baba, ipo tangu tunazaliwa, ila baba alikuwa mwembamba na kaka ana kitambi cha kueleweka. Mume wangu hana kitu. Mi nilikuwa nataka gauni. Kwahiyo nimemjaribu mzee kwenye kurekebisha na kwenye kununua, na majibu hayafanani kabisa, ndo maana nimeona niandike.

Nianze na suti maana hapo ndo mzee alinimaliza.

Nilishaipeleka kwa fundi wa mtaani kwetu akaniambia haiwezekani dada, hii nguo ndogo, mwambie kaka ashone mpya. Mzee wa Ilala alichofanya, baada ya shikamoo na marahaba, aliigeuza suruali ndani nje kabla hata hajaniuliza nataka nini. Akanionyesha mshono wa nyuma, ule unaopanda kutoka kwenye makalio mpaka kiunoni. Kulikuwa na kitambaa cha ziada kimekunjwa kila upande, karibu vidole viwili, kimekaa humo miaka yote hiyo kinasubiri mtu anenepe. Akasema fundi wa zamani alikuwa anajua mteja wake akipata cheo atanenepa na hana hela ya suti nyingine, kwahiyo anamwekea akiba. Suruali za kiwandani za sa hivi angalia mwenyewe ndani, mshono umepigwa ovaloki umekatwa ukingoni kabisa, hapo ukinenepa ni kugawa tu. Basi akafumua mshono, akaongeza nyuma na kidogo pembeni, kaka kaingia.

Koti lilikuwa na maneno zaidi. Suti ya Kaunda kwa wasioijua ni ile koti la kuvaa bila tai, mara nyingi mikono mifupi, mifuko ya nje kifuani na chini, na suruali ya kitambaa hicho hicho. Jina ni la Kenneth Kaunda wa Zambia, na huku kwetu enzi za chama kimoja ndo lilikuwa vazi la mkuu wa wilaya, mwalimu mkuu, meneja wa shirika la umma, yaani ukimwona mtu kalivaa unajua hapa kuna muhuri. Nilitaka mifuko ya chini isogezwe maana koti likiongezwa upana mifuko inakaa mbele sana. Mzee akakataa. Akainua ukingo wa mfuko mmoja kidogo, kitambaa cha chini yake kilikuwa bluu iliyokolea wakati koti zima limeshapauka kwa jua na kufuliwa. Ukisogeza mfuko unabaki na mraba wa bluu kila upande, watu wote ukumbini watajua. Akaongeza pembeni tu na kwapani, mifuko ikabaki ilipo, na kwakweli likivaliwa huoni tatizo. Fundi mwingine angenifurahisha kwanza nije kulia baadae.

Kwanini anayaelewa haya makoti, ni kwa sababu kajifunzia ufundi Zaire ya Mobutu. Kuanzia 1972 kule suti ya Kizungu na tai vilipigwa marufuku, wanaume wakawa wanashona abakosti, koti la bila tai, mpaka 1990 ndo ruhusa ikarudi. Kwahiyo wakati mafundi wengine wanajifunza kukata kola za suti yeye alikuwa anakata abakosti asubuhi mpaka jioni. Ukimpa nafasi atakueleza tofauti ya kola ya abakosti na ya Kaunda mpaka daladala za kwenu ziishe. Mi nilikaa kusikiliza, wengine wana haraka zao, mtajua wenyewe.

Na alikagua na ndani ya koti pia. Anasema koti la zamani ukilishika kifuani linakuwa na kitambaa kigumu cha katikati kilichoshonwa kwa mkono, linajikunja na kurudi. La kisasa la bei rahisi kile kitambaa kimegandishwa kwa gundi, likifuliwa na kupigwa pasi kali mara kadhaa linaanza kutoa mapovu kifuani, vile vivimbe vivimbe. Kama una koti lina mapovu msimpelekee, hakuna fundi duniani atakayeyatoa.

Haya, pekosi.

Mume wangu ni mrefu, na pekosi za bombani nyingi ni za watu wafupi wa enzi hizo au zilishakatwa na wenyewe. Hapa kuna elimu moja ya bure: ukikata pekosi kwa chini ili ikae sawa umekata upana wenyewe, maana ule mdomo mpana upo chini, unabaki na suruali ya kawaida yenye mapaja ya kubana. Ya kupunguza urefu inatakiwa ifumuliwe kuanzia gotini na ichongwe upya. Mzee anafanya hivyo na anachaji 12,000, fundi wa kukata na kupiga pindo atakufanyia kwa 3,000 na ataharibu. Kwa mume wangu ilikuwa kinyume, tunataka kushusha. Pindo lilikuwepo la kutosha ila ukishalifungua unapata mstari mweupe pale ilipokuwa imekunjwa miaka na miaka, na ule mstari haufuliki. Mzee kaupigia mishono miwili juu yake ya uzi mnene kuzunguka, ikaonekana kama urembo wa makusudi. Watu kwenye sherehe wakawa wanauliza hiyo kapata wapi.

Ila kitambaa ndo kilikuwa mtihani. Pekosi ile ni tetroni tupu. Sasa pamba inanyonya unyevu karibu asilimia 8 ya uzito wake, poliesta, ambayo ndo tetroni yenyewe, haifiki hata asilimia 1, kwahiyo jasho lote linabaki na mwenye nalo. Ukumbi ulikuwa Mwananyamala, feni zinazunguka kwa kujisikia, Desemba ile. Mume wangu alicheza nyimbo za mwanzo, kisha akaenda kukaa nje karibu na jenereta na watu wa msosi, huko huko akabaki. Mzee alinitahadharisha, akasema "mwanangu hii ya usiku tu na ukumbi wenye AC", mi nikaangalia rangi. Faida ya tetroni ni kwamba haikunjamani na haichakai, ndo maana ndo zimebaki mpaka leo na za pamba zote zilishageuka madekio. Kwahiyo kama unataka kitu cha kuvaa mchana Dar hii tafuta gabadini ya pamba au kodirai nyepesi, zipo chache, ukiziona usiulize mara mbili.

Gauni langu. Zuri, la kijani, mabega mapana ya miaka ya 80, 20,000 baada ya kupatana, alianzia 35,000. Nimelivaa kulijaribu pale nyuma ya pazia lake (pazia ni khanga mbili zimeshonwa pamoja, kioo kipo ila kimepasuka utajiona nusu nusu), kuvua najikuta mabegani nina unga wa njano. Kumbe ni zile pedi. Sponji ya miaka ile ikishakaa sana kwenye joto na unyevu inaoza yenyewe, inamomonyoka, na Dar joto na unyevu ndo vitu tunavyo. Mzee hakushangaa hata, kachana bitana, katoa unga wote, kaweka pedi mpya za kitambaa alizokunja mwenyewe, bei hiyo hiyo. Point kwake. Lakini hiyo habari ya sponji ndo inanileta kwenye kitu ambacho msinunue pale hata mkipewa nusu bei, viatu. Kuna raizoni kadhaa juu ya kabati, zinapendeza kwelikweli, soli nene vile. Zile zenye soli ya sponji ngumu ni ugonjwa uleule wa pedi zangu, kwa nje nzima, unatembea hatua kadhaa ukumbini soli inabaki nyuma. Ndugu yetu mmoja alinunua za kwake sehemu nyingine, mjini huko, na kwenye kuingia na maharusi soli moja ilibaki mlangoni, MC akaiokota akaitangazia zawadi. Bonyeza soli kwa ukucha kabla hujalipa. Ukucha ukizama, rudisha juu ya kabati.

Sasa tuongee bei, hapa nina kinyongo.

Hilo bomba la tatu zamani lilikuwa la watu wasio na hela na wazee ambao hawakubali kubadilika. Sa hivi ukienda Jumamosi limezungukwa na watoto wa chuo na simu zao, wanapiga picha kwanza ndo waulize bei, na mjukuu wa mzee kashaliona hilo. Matokeo yake bomba la demode lina bei kuliko bomba la pili lenye mitumba mipya grade one. Jinzi pana za miaka ya 90 zile tulizokuwa tunawacheka nazo kaka zetu, 30,000. Shati la kola ndefu 25,000. Ukilalamika mjukuu anakwambia "dada hii vintage", kwa Kiswahili cha Insta.

Kuna Mwingereza mmoja wa makumbusho ya Victoria and Albert kule London, James Laver, mwaka 1937 alipanga ngazi ya namna watu wanavyoiona nguo kadri inavyozeeka: mwaka mmoja baada ya wakati wake imechuja, miaka 10 inachukiza, 20 inachekesha kwa ubaya, 30 inafurahisha, 50 ina mvuto wa ajabu ajabu, inaendelea hivyo mpaka 150 ndo inakuwa nzuri tupu. Mi sijui kuhusu hiyo 150 ila hizo za mwanzo nimeziona Ilala zimetundikwa kwa mpangilio. Za miaka ya 70 na 80 bei juu. Za 90 bei juu. Unajua nini kiko chini kwenye sakafu juu ya turubai, chagua 3,000? Modo. Zile suruali za kubana tulizovaa mpaka tunalala chali kitandani ili zipu ipande, zile za rangi ya njano na nyekundu, zimejaa pale hakuna anayezigusa. Kwa hesabu za huyo bwana ndo zipo kwenye ile miaka ya kuchukiza. Mwenye subira na kabati kubwa anunue sasa hivi akaweke, mi kwetu hamna nafasi.

Na kuna mzee mwingine, mteja wa siku zote, anakaa pale kwenye benchi anasoma gazeti, yeye akiona mtoto anachambua modo anaanza hadithi ya Operesheni Vijana. Nanyi mliozaliwa juzi, hii ilitokea kweli: Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kwamba kuanzia Januari mosi 1969 hapa Dar marufuku vimini, mawigi, mafuta ya kujichubua na suruali za kubana. Suruali za kubana! Vijana wanamsikiliza midomo wazi kisha wanamwuliza, sasa babu wewe ulikuwa upande gani, hajibu, anageuza ukurasa wa michezo.

Twende kwa mjukuu. Huyu ndo kanifanya nisiwape nyota zote.

Mjukuu ana cherehani yake pembeni na anashona pekosi na makoti ya Kaunda mapya. Sio kosa, biashara ni biashara, na kwa mwenye kutaka sare ya kamati watu ishirini wa saizi tofauti hiyo ndo njia pekee. Kosa ni kwamba anazitundika kwenye bomba la tatu, zimechanganywa na za kweli, na ukiuliza anakwambia original ya miaka ya 70. Kitambaa chepesi, ukikishika mkononi kinateleza, na ndani ni ovaloki tu, ile akiba ya mshono aliyonionyesha babu yake haipo hata nusu kidole. Anauza 45,000. Nilipomwambia kijana hii umeshona wewe wiki iliyopita, akacheka, akashusha mpaka 22,000 papo hapo. Angeanza na hiyo 22,000 na ukweli wake ningenunua.

Kwahiyo mkienda, namna ya kutofautisha mi naangalia hivi. Geuza ndani kwanza, mshono mnene wenye akiba ni dalili nzuri. Zipu, za zamani nyingi ni za chuma na zinakuwa nzito kidogo, zikikwama mzee anazipaka mshumaa. Lebo isikudanganye, hapa watu wengi wanakosea wakiona "Made in China" wanasema hii ya juzi. Reli ya TAZARA ilipokuwa inajengwa, 1970 mpaka 1975, sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa sisi kuuziwa bidhaa za Kichina madukani, kwahiyo nguo ya Kichina iliyotoka kwenye sanduku la Dar inaweza ikawa na umri kukuzidi. Cha kujiuliza ni nguo imetoka wapi. Mitumba kumiminika mjini ilikuwa katikati ya miaka ya 80 biashara zilipofunguliwa, mambo ya Mzee Ruksa hayo, Rais Mwinyi, kabla ya hapo mtu alikuwa anashonesha au anapanga foleni dukani. Kwahiyo pekosi ya kwelikweli ya huku kwetu mara nyingi haina lebo kabisa, imeshonwa na fundi, na mara nyingine ndani ya kiuno kuna herufi za jina la mwenyewe kwa uzi au kwa wino. Nimekuta moja imeandikwa jina la mtu na namba ya chumba, nadhani ya mwanafunzi wa Mlimani, nikairudisha, nikaona aibu kuivaa.

Zinazotoka kwenye belo sa hivi za umri huo ni bahati, mjukuu mwenyewe anakiri wakifungua belo zima wanaweza wasipate hata moja. Nyingi bora za pale zimetoka majumbani, mtu anafariki watoto wanaleta mfuko. Mzee ananunua kwa kilo? Hapana, anaangalia moja moja na anawaambia ukweli, hii beba rudi nayo nyumbani, hii mtajuta. Nimemshuhudia anamrudishia dada mmoja koti la baba yake akamwambia katunze, hela yangu itaisha kesho. Yule dada alitaka hela bwana, alinuna.

Kuhusu muda, jamani. Mzee ni mwongo. Sio mwongo wa ubaya, ni ule uongo wa mafundi wa nchi nzima, "njoo Alhamisi" ambayo haina tarehe. Suti ya kaka iliahidiwa wiki moja kabla ya sherehe. Nimeichukua siku ya sherehe yenyewe, mchana, kaka kashaanza kunitumia voisi za matusi, nimekaa kwenye kigoda pembeni ya cherehani namsubiri amalizie vifungo na umeme umekatika, bahati nzuri cherehani lake la miguu na pasi yake ya mkaa, Tanesco hawamtishi. Kifungo kimoja cha asili kilikuwa kimepotea tangu zamani, akatafuta kwenye kopo lake la vifungo, hakupata cha kufanana, akahamisha cha chini kabisa ambacho huwa hakionekani akakiweka juu, na kile cha tofauti akakificha chini. Kazi safi, lakini presha niliyopata pale sitaki kuipata tena. Mpe tarehe ya uongo, mwambie shughuli ni wiki mbili kabla ya siku yake.

Malipo lipa namba ipo ila imeandikwa jina la mjukuu, mi nilimpa mzee keshi mkononi. Advansi toa nusu, usitoe yote, ukishatoa yote nguo yako inahamia mwisho wa bomba la kwanza. Suti nzima kuongeza na kupiga pasi nililipa 18,000, gauni kubadilisha pedi bure kama nilivyosema, pekosi 15,000 na kushusha 7,000. Kwa kazi ile naona sawa kabisa, kwa nguo za bombani wanazidisha na inabidi upatane bila aibu.

Alama zangu: ufundi wa mzee namba moja, sijaona mwingine Dar hii anayekataa hela ili asiharibu nguo. Bomba la demode wastani, ukiwa na macho utapata. Mjukuu, mmh. Viatu sifuri.

Nendeni asubuhi kabla ya saa sita, mzee akishakula mchana anamwachia mjukuu kibanda. Nendeni na viatu mtakavyovaa siku hiyo maana urefu wa suruali anapima na kiatu, ukienda na ndala atakurudisha. Jumapili hafungui.